Kobe Aliyeacha Kuuliza

Simu ilipolia tena, Inspekta aliitazama kama mtu anavyotazama mende kwenye ukuta wa jirani: si wake, lakini ndiyo yupo.

"Afande, ni Mkuu wa Kituo," Koplo alisema. "Usipopokea wewe atanipigia mimi, na mimi sina pa kujificha."

Inspekta akapokea. Sauti ya Mkuu haikuhitaji kuongezwa. Ilisikika mpaka kwenye mashine ya maji mwisho wa korido.

"Mtuhumiwa unaye. Jina lake limeandikwa kwenye ushahidi. Unangoja nini, akupikie?"

"Nangoja nielewe, Mkuu."

"Elewa haraka. Saa kumi nataka awe mahabusu. Waandishi wa habari wamejaa hapa nje, na mmoja ameniuliza kama mimi mwenyewe napanda lifti."

"Ukamjibu nini?"

Simu ikakatwa.

Koplo akajikuna kisogo. Inspekta akarudisha simu mfukoni, akaangalia saa ya ukutani, akaona haimsaidii, akasukuma mlango wa chumba kidogo cha mikutano.

Kesi yenyewe ukiisikia mara moja unaielewa. Wiki iliyopita, kwenye jengo la makazi, lifti iliondoka mlango ukiwa wazi. Fundi aliyekuwa akiikagua alikuwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Yuko hospitali mpaka sasa, na madaktari bado wanabishana juu ya ule mguu. Lifti hiyo iliendeshwa na programu iliyoandikwa humu, kwenye ofisi hii ya ghorofa ya sita, na ndani ya programu hiyo kulikuwa na mstari mmoja mfupi, wa zamani kuliko wafanyakazi wengi: mlango ukiwa wazi, usiondoke. Walipoutafuta, haupo. Walipotafuta nani aliuondoa, kukawa na jina moja tu.

Mwenye jina alikuwa amekaa mezani, mkoba mapajani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Ofisi nzima ilimwita Shangazi, hata Meneja aliyemzidi umri. Ilianza kwa mpwa wake. Mwanamke huyu ndiye aliyemwombea kijana kazi hapa, naye akaingia siku ya kwanza akaita "Shangazi!" kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ukumbi. Kuanzia siku hiyo jina lake halisi likabaki kwenye hati ya mshahara.

"Shangazi, tuanze tena," Inspekta alisema akivuta kiti.

"Tena? Hata wimbo wa taifa una mwisho."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekimbia hesabu shuleni."

"Ulizikimbia?"

"Zilinikimbia zenyewe."

Shangazi akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala. Akaweka mkoba mezani.

"Ninapoandika programu, kila nikimaliza kipande nakihifadhi. Hiyo ni hatua moja. Ina jina langu, ina saa. Hatua zote zikijipanga, ndiyo historia ya kazi. Sasa, kazi ikiwa inaendelea, historia yake ni chafu. Leo umeandika, kesho umegundua umekosea, keshokutwa umerekebisha, mtondo umerekebisha marekebisho. Huwezi kumkabidhi mtu fujo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi unaisafisha. Hatua hii unaiunganisha na ile, hii unaisogeza mbele, nyingine unaitupa."

"Unabadilisha historia."

"Yangu, ambayo sijamkabidhi mtu! Ni kama kutandika kitanda kabla mgeni hajaingia. Usiniangalie hivyo, nawe Koplo. Kwako hutandiki?"

Koplo akaangalia dari.

"Na anayekutandikia ni chombo chenu," Inspekta alisema. "Huyo Kobe."

"Kobe. Tulimpa jina hilo kwa mwendo wake. Ukisogeza hatua moja ya mwanzo, inabidi azirudie zote zilizofuata, moja moja, upya. Zamani ulikuwa unambonyeza, unaenda kula, unarudi, unamkuta ndiyo kwanza anavuka barabara. Sasa hivi ana mbio. Kazi ya mpwa wangu hiyo. Ndiyo maana kijana wanamwita Umeme."

"Akizirudia, anaweza kukosea?"

"Anaweza kukwama. Akifika mahali ambapo hatua mbili zimegusa mstari mmoja, hajui afuate ipi. Hapo anasimama, anakuonyesha zote mbili, anakuuliza: wa kwanza au wa pili? Sisi tunaita ugomvi. Unasoma, unaamua, anaendelea."

"Siku ile alikuuliza?"

"Hakuniuliza."

"Hata mara moja?"

"Inspekta, nilibonyeza, nikasimama kuongeza maji kwenye kikombe, nimegeuka, amemaliza. Nikafurahi, nikakabidhi. Mimi nilikuwa nauhamisha ule mstari, si kuufuta. Nautoa kwenye faili la zamani, nauweka kwenye jipya. Ndiyo kazi yote niliyokuwa nafanya." Sauti yake ikapungua. "Mtu akilala mahabusu kwa kesi ya lifti, unajua nani atamwajiri tena? Hata programu ya saa ya kuamkia hawatanipa."

Inspekta akarudisha kiti mahali pake, akatoka.

*

Meneja alikuwa na ofisi ya vioo, na alizungumza kama mtu anayejua anaonekana kutoka kila upande.

"Mama Inspekta, mimi nampenda Shangazi. Sote tunampenda. Lakini Kobe hafuti mstari bila kuuliza. Hajawahi. Mahali pale palikuwa na ugomvi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuona. Kwa hiyo ameulizwa, na amejibu vibaya. Kama ni kwa bahati mbaya au kwa makusudi, hilo ni lenu."

"Kwa nini afanye makusudi?"

"Alinyimwa cheo mwezi uliopita. Akasema mbele ya watu, ipo siku mtanijua."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimnunulia keki."

Koplo akakohoa. Meneja akaendelea haraka, akipangusa meza isiyo na vumbi. Kulikuwa na wageni wanakuja. Kampuni kubwa ilitaka kumnunua Kobe, si programu za lifti, Kobe mwenyewe, kwa sababu hakuna chombo kingine kinachopanga historia ndefu kwa kasi ile. Ingekuwa vizuri mambo ya polisi yakiisha kabla hawajafika.

Kwenye korido Koplo alimvuta Inspekta mpaka nyuma ya mashine ya maji. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Afande, tumempata. Fundi wa viyoyozi alikuwa juu ya ngazi siku ile. Anasema Shangazi aliposimama kwenda kuchota maji, Meneja alikuja mezani kwake, akainama, mkono kwenye kibodi! Yeye ndiye aliyejibu lile swali. Anamchukia kwa maneno yale. Nimlete?"

"Mlete."

Meneja aliletwa, na rangi ilikuwa imemwondoka. Ndiyo, aliinama. Alikuwa anatafuta waya wa chaji. Shangazi huazima vitu vya watu na kuvisahau chini ya kibodi. Waulizeni wote. Waya aliukuta. Huu hapa.

"Kila mtuhumiwa huwa na waya wake," Koplo alisema kwa sauti ya mtu anayefunga jalada.

Inspekta hakumsikiliza. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya Shangazi, amevaa miwani yake mwenyewe, akisoma mahali ambapo Kobe huandika alianza saa ngapi na kumaliza saa ngapi.

"Koplo, njoo hapa. Vua saa yako, mpe Meneja. Shangazi, weka kwenye skrini swali kama lile ambalo Kobe angeuliza pale. Mistari yote miwili."

Skrini ikajaa maandishi pande mbili, kushoto na kulia, yakifanana kama mapacha.

"Koplo, soma, uamue. Meneja, mpimie."

Koplo akainama. Akasoma kwa midomo. Akanyoosha kidole, akakirudisha. Akakunja uso.

"Wa... subiri. Hii hapa ina... hapana. Subiri kwanza, Afande."

"Muda?"

"Nusu dakika imepita," Meneja alisema.

"Kobe alimaliza kila kitu kwa sekunde nane," Inspekta alisema. "Hatua zaidi ya mia tatu. Kwa sekunde nane hata jina lako hulisomi likiwa kwa herufi ndogo. Meneja hakujibu. Shangazi hakujibu. Siku ile hakuna mtu aliyejibu chochote."

Koplo akavaa saa yake taratibu, kama anayeonyeshwa kadi nyekundu. "Basi mstari umeondoka wenyewe?"

"Niitie Umeme."

*

Umeme alikuja na viatu visivyofungwa kamba, kijana mwembamba mwenye mikono isiyotulia. Hakumtazama shangazi yake alipopita mbele ya kile chumba kidogo alimokuwa amerudi kukaa, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Wanasema wewe ndiye uliyempa Kobe mbio," Inspekta alisema. "Ulifanyaje?"

Swali hilo lilikuwa kama kumwuliza bibi harusi kuhusu gauni. Kijana alinyooka kwenye kiti.

"Mambo matatu. La kwanza: zamani, kwa kila hatua aliyoirudia, Kobe alikuwa anatoa mafaili yote, anayaandika kwenye diski, anayasoma tena, anayafunga. Kila hatua! Kama mtu anayetaka kubadili soksi anahamisha kabati zima mpaka uani. Mimi nikasema, kazi yote aifanyie kichwani, kwenye kumbukumbu ya mashine, diski aiguse mwisho tu. Hapo peke yake tulipata nusu ya kasi."

"Safi. La pili?"

"La pili, anaruka. Kama hatua haihusiani na kilichobadilishwa, hana sababu ya kuirudia. Anaiacha ilivyo, anapita. Zamani alikuwa anasalimia kila nyumba ya mtaa."

"Na la tatu?"

"Ndiyo hayo."

"Ulisema matatu. Umetaja mawili."

Mikono ikatulia kwa mara ya kwanza. "La tatu ni dogo. Marekebisho madogo madogo tu."

"Mimi napenda madogo."

"Ni ya kitaalamu sana."

"Nimeelewa soksi na kabati. Jaribu."

"Inspekta, nina wageni wa kuwaandalia maonyesho..."

"Mtuhumiwa wangu naye ana mgeni. Anamngoja kituoni saa kumi." Inspekta akasimama. "Twende pamoja mezani kwa shangazi yako. Hutaniambia, basi nitaangalia."

Walijikusanya watano kuizunguka kompyuta moja: Inspekta, Koplo, Meneja, Umeme, na Shangazi kwenye kiti chake. Watu wengine ukumbini walijifanya wanafanya kazi. Kibodi zote zilikuwa kimya.

"Shangazi, ile historia yako chafu, kabla haijatandikwa. Ipo?"

"Ipo. Kobe hatupi moja kwa moja. Anaweka kapuni siku kadhaa, mtu akijuta airudishe."

"Irudishe. Kisha fanya kile kile ulichofanya siku ile. Hatua ile ile, isogeze pale pale."

Shangazi akavaa miwani. Akavikunja vidole, akavikunjua, akaandika. Akabonyeza.

Skrini ikateremsha maandishi kama mvua ya ghafla, ikasimama. Imekwisha.

"Mstari?"

Shangazi akautafuta kwenye faili la zamani. Haupo. Akautafuta kwenye jipya. Akautafuta tena. Alipogeuka uso ulikuwa umebadilika.

"Haupo. Na hakuniuliza! Mmeona wote, hakuniuliza!"

"Kobe hana tabia hiyo," Meneja alinong'ona.

"Tumeona," Inspekta alisema. "Kwa hiyo kuna jibu lilitoka mahali. Halikutoka kwenye vidole vyake, na ugomvi huu yeye hajawahi kuuona. Kwa hiyo halikutoka hata ndani ya mashine hii." Akainama akatazama nyuma ya kompyuta, palipokuwa na waya wa bluu ulioingia ukutani. "Koplo, huu wa mtandao. Chomoa."

"Usichomoe!"

Alikuwa Umeme. Alisema kabla Koplo hajanyoosha hata mkono.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Kuna... kuna kazi za watu. Zitapotea."

"Hakuna kinachopotea kwa kuchomoa waya," Shangazi alisema. Alikuwa bado anatazama skrini, lakini sauti yake ilikuwa imegeukia mpwa wake. "Wewe unalijua hilo. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Koplo akachomoa.

"Sasa rudia tena, Shangazi. Vile vile."

Akarudisha historia chafu. Akasogeza ile hatua. Akabonyeza. Maandishi yakaanza kuteremka kwa kasi ile ile, yakateremka, yakateremka, halafu yakakwama katikati ya skrini. Pande mbili zikatokea, kushoto na kulia. Chini yake, kwa herufi za kijani, swali likiwa linapepesa:

Wa kwanza au wa pili?

Meneja aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti, kama mtu aliyesimama ndani ya chombo kinachoyumba.

"Basi waya ukiwepo," Inspekta alisema, "kuna mtu anajibu kwa niaba yake. Waya usipokuwepo, anaulizwa mwenyewe. Umeme, la tatu ni lipi?"

Kijana alikuwa anatazama herufi za kijani.

"Kumbukumbu ya ugomvi," alisema mwishowe. "Kuuliza ndiko kulikokuwa kunachelewesha. Unaweza kumpa Kobe mbio za duma, lakini akisimama kumngoja binadamu asome, umerudi pale pale. Kwa hiyo kila ugomvi ukiamuliwa, jibu linahifadhiwa kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi nzima. Ukitokea tena ugomvi ule ule, kwa mtu yeyote, anachukua jibu. Hasimami."

"Kwa mtu yeyote? Bila kumwambia?"

"Kumwambia nako ni kusimama."

"Na hilo jibu la mstari huu, alilitoa nani?"

"Haiandiki majina. Niliyaondoa. Yalikuwa yanaifanya nzito."

Meneja akapata nguvu ghafla. "Basi hatutajua kamwe! Yeyote kati ya watu arobaini. Mama Inspekta, tukubaliane kwamba ni hitilafu, tuandike barua kwa hospitali..."

"Rudisha waya," Inspekta alimwambia Koplo. "Umeme, nifungulie hiyo kumbukumbu. Sitaki majina. Nataka majibu tu."

Ilichukua muda kijana kuandika nywila yake. Alikosea mara mbili. Kisha majibu yakajaa kwenye skrini, mstari juu ya mstari, ugomvi baada ya ugomvi. Inspekta alisogeza uso. Akateremsha maandishi, akaendelea kuyateremsha, mpaka Koplo akaanza kusoma naye kwa sauti.

"Wa kwanza. Wa kwanza. Wa kwanza. Wa kwanza... Afande, wote ni wa kwanza."

"Mamia," Inspekta alisema. "Meneja, watu wako wanapoamua ugomvi, kwa kawaida inakuwaje?"

"Inategemea. Mara wa kwanza, mara wa pili. Mara nyingi unachanganya zote. Hakuna mtu anayejibu hivi."

"Mwanafunzi aliyejaza A kwenye maswali yote ya mtihani, ni kwa nini?"

"Hajasoma."

"Hajasoma, na anataka kutoka." Inspekta alivua miwani. "Huyu hakuwa na shida na jibu. Alikuwa na shida na saa. Kila Kobe akisimama kumwuliza, saa yake inaharibika, kwa hiyo anabonyeza la karibu ili mbio ziendelee. Humu ndani, nani alikuwa akikaa na Kobe huku anapima muda?"

Watu wanne walimtazama mtu mmoja.

Umeme alikaa chini. Hapakuwa na kiti. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la chuma.

"Nilihitaji mzigo wa kupimia," alisema. "Historia ndefu, ya kweli, yenye fujo. Kazi ya lifti ndiyo ndefu kuliko zote, na nakala za kazi za watu ambazo hazijakamilika zinahifadhiwa kwenye seva kila jioni. Nikazichukua. Nikawa nampa Kobe azipange, napima. Akiuliza nabonyeza wa kwanza. Mara mia, mara mia tano. Sikuwa nasoma, ulikuwa mzigo tu! Ni kama unapima lori kwa magunia, hufungui kuona kama ndani ni mchele au mchanga." Akajifuta pua kwa mkono. "Siku tulipowasha kumbukumbu kwa ofisi nzima, nikasahau kuifuta kwanza. Majibu yangu yakabaki mle ndani."

"Kwenye ugomvi wa ule mstari," Inspekta alisema, "wa kwanza ni upande gani?"

"Ulioutoa kwenye faili la zamani." Shangazi ndiye aliyejibu. "Wa pili ni uliouweka kwenye jipya. Akichukua wa kwanza tu, umetolewa na haujawekwa popote."

"Ulijua lini, Umeme?"

"Nilijua..." Alitazama viatu vyake. "Jumatatu. Siku moja baada ya ajali. Nilijaribu kama mlivyofanya sasa hivi."

"Na hukuifuta hiyo kumbukumbu. Kwa nini? Ungeificha kesi yote."

"Ningeifuta, Kobe angerudi kuuliza. Angerudi kuwa Kobe. Na wageni wanakuja kununua mbio." Akamtazama Meneja, kisha akaacha kumtazama. "Nikasema wakishanunua, nitasema. Sikujua kama watamfuata Shangazi."

"Walinifuata Jumanne asubuhi," Shangazi alisema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa amevua miwani na kuiacha ining'inie, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mkubwa zaidi.

"Jumanne jioni ulikuja kula kwangu. Nikakueleza yote, nimekaa mbele yako, nalia. Ukanisikiliza. Ukaomba uongezewe chakula. Nikakuongezea."

Inspekta akamgeukia Meneja, kwa kuwa lilikuwepo swali baya kuliko yote na hakuna aliyeliuliza.

"Tangu kumbukumbu iwashwe, mmekabidhi programu kwenye lifti ngapi?"

Meneja akahesabu kwa macho. Akaacha. "Zote."

"Na hiyo mistari mingine mia kadhaa iliyojibiwa bila kusomwa, mnajua ni ipi?"

"Bado..."

"Chukua simu. Ipigie kila kampuni ya majengo, moja baada ya nyingine, uwaambie wazime lifti sasa hivi. Watu wapande ngazi."

"Mama Inspekta, wageni wakisikia..."

"Koplo atakaa karibu yako akusaidie kubonyeza namba."

Meneja alipiga. Alipiga huku jasho linamchuruzika kwenye kola, na kwa kila simu sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Fundi wa seva aliitwa akachukua nakala ya ile kumbukumbu mbele ya macho ya Inspekta, ikafungwa kwenye bahasha, ikatiwa sahihi. Kisha Inspekta akampigia Mkuu wa Kituo.

"Nakuja. Saa kumi kama ulivyosema."

"Na mtuhumiwa?"

"Ndiyo. Si yule."

Alikata yeye kabla hajakatiwa. Shangazi aliambiwa yuko huru, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua imekatika wakati nguo zimeshalowa. Umeme alisimama mwenyewe, akafunga kamba za viatu, akauliza kama atafungwa pingu. Inspekta akasema hapana, ni maelezo kwanza, mengine atapanga hakimu.

Kwenye korido Koplo alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha lifti. Mazoea tu. Taa ikawaka, mlango ukafunguka taratibu, kukawa na kioo safi ndani na zulia jekundu.

Inspekta na Umeme walimtazama.

"Ngazi," Koplo alisema.

Walishuka ghorofa sita. Nyuma yao, kuanzia ya tano, walisikia viatu vingine vikishuka kwa haraka, na walipofika kwenye gari Shangazi alikuwa ameshika mlango wa nyuma, anahema, mkoba begani.

"Mama, wewe umeachiwa," Koplo alisema. "Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimesikia. Sogea."

"Lakini hii ni gari ya polisi, haibebi..."

"Ni mtoto wa kaka yangu. Kama kuna mtu wa kumgombeza ni mimi, na sijamaliza. Sijaanza, hata. Sogea, mwanangu."

Koplo akamtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameshakaa mbele, akifunga mkanda. Koplo akasogea.

Gari liliingia barabarani. Kwenye taa za kwanza Shangazi alifungua mkoba, akatoa simu yake, akatafuta jina, akabonyeza, akangoja. Ilipopokelewa, sauti ya mwanaume ikasikika, ya mtu aliyekuwa anasubiri: Vipi, dada, wamekuachia?

Shangazi akachukua mkono wa mpwa wake, akakifungua kiganja, akaiweka simu ndani.

"Baba yako huyo," alisema. "Mweleze mwenyewe. Polepole. Usiruke kitu."